Ubora Una Shule Yake, na Shule Hiyo Ni Kazini

Ndugu msomaji, wewe unayeamka alfajiri kwenda kazini, iwe wodini, kiwandani, benki, shuleni, halmashauri au kwenye ghala la nafaka, makala haya nimekuandikia wewe. Nina jambo moja la kukuambia, na ninalisema mapema ili tusipotezane njiani: taasisi yako inaweza kuwa bora, na watakaoifanya iwe bora ni watu walewale inaowalipa mshahara leo. Wanachohitaji ni kufundishwa palepale wanapofanyia kazi, kwa kazi yenyewe, kila siku, huku mkuu wao akiwa mwanafunzi wa kwanza.

Tumezoea njia nyingine. Malalamiko ya wateja yakizidi, menejimenti inaitisha semina. Ukumbi wa hoteli unakodiwa, mgeni rasmi anafungua, mtaalamu anapitisha slaidi, chai ya saa nne inanywewa, posho inasainiwa, picha ya pamoja inapigwa, vyeti vinagawiwa. Jumatatu kila mtu anarudi kwenye meza yake na kukuta foleni ileile, stoo ileile, na ile fomu iliyokuwa ikijazwa mara tatu bado inajazwa mara tatu. Pale mapokezi kuna sera ya ubora ukutani, ndani ya fremu nzuri, imesainiwa na mkurugenzi. Muulize karani aliyekaa chini yake: sera hii inakutaka ufanye nini leo saa tatu asubuhi? Atatabasamu tu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza.

Semina ina faida yake. Inafungua macho, inakutanisha watu, inaleta maneno mapya. Lakini ubora ni mazoea ya mikono na macho, na mazoea hayapatikani kwa siku mbili za kukaa kwenye viti. Tukilielewa hilo kwa dhati, tutabadilisha namna tunavyofundishana, na tukibadilisha namna tunavyofundishana tutabadilisha taasisi zetu.

Bei ya kuchelewa kujifunza

Watu wa kando ya Ziwa Victoria wanaijua bei hiyo. Katika miaka ya 1990 minofu ya sangara kutoka Tanzania, Kenya na Uganda ilikuwa ikipanda ndege kwenda Ulaya, na viwanda vya samaki vilikuwa vimeichangamsha miji kama Mwanza na Kisumu. Kisha milango ikaanza kufungwa. Ilianza kwa bakteria wa salmonela, ikafuata hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 zikaenea taarifa za watu wanaovua kwa sumu. Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wa ziwa lile. Mvuvi ambaye hajawahi kutia tone la sumu majini aliumia sawasawa na yule aliyetia.

Hebu tazama fundisho lililomo humo. Samaki haharibikii mahali pamoja. Anaweza kuharibikia ndani ya mtumbwi usio na barafu, au mwaloni alikolazwa mchangani, au ndani ya gari lililochelewa, au juu ya meza ya kukatia minofu. Mkaguzi wa mwisho, hata awe hodari namna gani, hawezi kumrudishia samaki ubichi aliokwisha kuupoteza tangu asubuhi. Kwa hiyo ilibidi mnyororo mzima uingie darasani. Viwanda vikajifunza kutambua kila hatua yenye hatari na kuidhibiti kabla kasoro haijasogea hatua inayofuata. Serikali zikaimarisha ukaguzi na upimaji. Usafi wa mialo, jambo lililokuwa likionekana dogo, ukawa sharti la biashara ya kimataifa. Mwaka 2000 soko likafunguka tena, nchi moja baada ya nyingine.

Watu walikuwa walewale na ziwa lilikuwa lilelile. Kilichoongezeka ni maarifa yaliyoingia kwenye kazi. Sasa jiulize kuhusu taasisi yako: je, mtasubiri soko lifungwe, mteja ahame, mgonjwa adhurike au mkaguzi aandike ripoti ndipo mjifunze? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa sifa iliyobomoka ni ghali kuliko ukuta wowote wa matofali.

Taifa lililokubali kuwa mwanafunzi

Tazama Wajapani walivyofanya, maana hapa ndipo wengi wetu tunapotaja majina bila kuchukua somo. Mwaka 1950, miaka mitano tu baada ya kushindwa vitani, viwanda vyao vilikuwa vimevunjika na bidhaa zao zilikuwa na sifa ya kuwa rahisi na dhaifu. Umoja wa wanasayansi na wahandisi wa nchi hiyo ulimwalika mtaalamu wa takwimu kutoka Marekani, W. Edwards Deming, aje kufundisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alifundisha wahandisi namna ya kupima kazi na kuisoma kwenye chati, elimu iliyoanzishwa na Walter Shewhart mwaka 1924 katika kampuni ya simu ya Bell. Lakini hakutosheka na wahandisi. Alitaka wakuu wa makampuni nao wakae wamsikilize, kwa sababu alijua fundi hawezi kubadilisha kile ambacho mkuu wake hakielewi. Wakaja, wakakaa, wakasikiliza. Nakala za mihadhara yake zilipouzwa, hakuchukua fedha yake. Fedha hiyo ikasaidia kuanzisha Tuzo ya Deming mwaka 1951, tuzo inayotolewa mpaka leo.

Mwaka 1954 akafuata Joseph Juran, naye akawafundisha mameneja kwamba ubora ni jukumu la uongozi, haumalizikii kwa mafundi. Na hapo ndipo Wajapani walipofanya jambo ambalo taasisi nyingi hazijathubutu kulifanya hadi leo: waliteremsha elimu hiyo mpaka chini kabisa. Mwaka 1956 masomo ya udhibiti wa ubora yakaanza kusikika redioni, yakiwalenga wasimamizi wa mafundi. Mwaka 1962, Kaoru Ishikawa na wenzake wakaanzisha jarida la ubora kwa ajili ya watu wa karakana. Walilipangia bei ndogo makusudi, ili fundi aweze kulinunua kwa fedha yake mwenyewe. Wakawahimiza mafundi waunde vikundi vidogo vya kulisoma pamoja, waelezane, kisha wajaribu walichosoma kwenye mashine zao.

Vikundi vile vya kusoma ndivyo dunia ilivyokuja kuviita vikundi vya ubora. Rudia hapo kidogo. Vuguvugu lililoigeuza Japani ikawa tishio kwa viwanda vya nchi tajiri lilishika mizizi kwa mafundi wenye mafuta mikononi, wameketi pamoja, wanasoma jarida la bei ndogo na kuulizana maswali. Je, kuna taasisi hapa kwetu isiyoweza kufanya hivyo? Je, kuna idara isiyo na watu sita wanaojua kusoma na wenye nusu saa kwa wiki?

Shanga nyekundu

Deming alikuwa na somo moja alilolifundisha kwa vitendo miaka mingi, na ninataka ulifanye ofisini kwako mwezi huu. Alikuwa na chombo chenye shanga 4,000: nyeupe 3,200 na nyekundu 800. Aliwaita watu kutoka miongoni mwa wasikilizaji, akawafanya wafanyakazi. Kila mmoja alipewa kibao chenye vishimo 50, akichovye ndani ya shanga na kukitoa kikiwa kimejaa. Shanga nyeupe ni kazi nzuri, nyekundu ni kasoro. Mwalimu mwenyewe alijifanya msimamizi mkali: mteja wetu hataki nyekundu, kwa hiyo msitoe nyekundu!

Huyu anachovya, anatoa nyekundu saba. Anasifiwa mbele ya wenzake. Yule anachovya vilevile, anatoa kumi na tatu, anaonywa. Zamu ya pili, aliyesifiwa anatoa kumi na moja na aliyeonywa anatoa nane. Msimamizi anagomba, anabandika bango, anaahidi zawadi, anatishia kufukuza. Nyekundu zinaendelea kutoka, wastani wa karibu kumi kila mchovyo, kwa sababu moja tu: ndani ya chombo, shanga moja katika kila tano ni nyekundu. Mfanyakazi hakuziweka yeye. Juhudi zake, kiapo chake na hofu yake haviwezi kuziondoa.

Nenda sokoni ukanunue shanga. Vikombe vinne vya nyeupe, kikombe kimoja cha nyekundu, beseni, na kijiko kipana cha kuchotea. Mpe mhasibu achote, mpe dereva achote, halafu mpe mkurugenzi achote mbele ya wote. Wakimaliza, uliza swali moja: shanga nyekundu za hapa kwetu zinaingilia wapi? Nakuhakikishia, mazungumzo yatakayofuata yatazidi semina nyingi ulizowahi kuhudhuria. Karani atasema fomu ya maombi haina nafasi ya namba ya simu, ndiyo maana wateja hawapigiwi. Mtu wa stoo atasema oda inatumwa baada ya bidhaa kuisha. Muuguzi atasema zamu zinapishana bila makabidhiano. Wote walikuwa wakiyajua hayo. Hawakuwahi kuulizwa.

Deming alikadiria kwamba asilimia 94 ya matatizo, na ya nafasi za kuboresha, yamo ndani ya mfumo, na mfumo ni mali ya menejimenti. Kauli hiyo haimwondolei mfanyakazi wajibu. Inamwekea kila mtu wajibu wake: anayechota aseme anachokiona, na mwenye chombo aondoe shanga nyekundu.

Ushahidi kutoka Ifakara

Anayedhani mambo haya ni ya nchi za viwanda vikubwa, na aje nami Ifakara, mkoani Morogoro. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, hospitali nane duniani zilijaribu orodha ya usalama wa upasuaji iliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani. Zilikuwa katika miji ya Seattle, Toronto, London, Auckland, Amman, New Delhi, Manila na Ifakara kwenye Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Orodha yenyewe ni karatasi moja yenye vipengele 19.

Inavyotumika ni hivi. Kabla ya usingizi, timu inasimama: mgonjwa athibitishe jina lake, aina ya upasuaji na sehemu itakayopasuliwa. Kabla ya kisu kugusa ngozi, inasimama tena: kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake, na inaulizwa kama dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita. Kabla mgonjwa hajatolewa, inasimama mara ya tatu: muuguzi anasema kwa sauti kwamba hesabu ya vifaa, gozi na sindano imetimia. Isipotimia, hakuna anayeondoka.

Matokeo ya hospitali zile nane kwa pamoja yalichapishwa mwaka 2009. Matatizo makubwa baada ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 hadi asilimia 7. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8. Hawa ni watu, ndugu msomaji. Ni mama aliyerudi nyumbani kwa wanawe, ni mkulima aliyerudi shambani.

Ukiisoma karatasi ile utaona kwamba hakuna kipengele hata kimoja kilicho kigeni kwa daktari. Kila daktari anajua kuhesabu gozi. Kila muuguzi anajua kuuliza jina. Kilichokuwa kigeni ni timu nzima kujifunza pamoja kusimama, kusema kwa sauti na kusikilizana, na muuguzi kupata haki ya kumwambia daktari bingwa, "Bado, hesabu haijatimia." Na hapo ndipo ubora ulipo mara nyingi: maarifa yameshajaa vichwani mwa watu mmojammoja, yanasubiri yageuzwe kuwa desturi ya wote. Kazi ya mwalimu wa ubora ni kuyatoa vichwani na kuyaweka mezani.

Anzia stoo

Utaniuliza, tuanzie wapi? Ningekushauri uanze na kile unachoweza kukigusa. Mwaka 2000 hospitali ya wanawake ya Castle Street jijini Colombo, Sri Lanka, ilianza kujipanga upya kwa njia ya Kijapani ya 5S. Mwaka 2007 Tanzania ikaichukua njia hiyo kwa msaada wa Japani, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikiwa miongoni mwa za mwanzo, na toka hapo ikasambaa katika hospitali nyingine nchini. Wafanyakazi wa afya wanazijua S zake tano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia.

Ingia stoo yoyote ambayo haijaguswa. Maboksi yamepangwa hadi darini, mashine ya kuchapia iliyokufa zamani imeegemea mlango, dawa zilizokwisha muda zimechanganyika na nzima, na mtu mmoja tu ndiye anayejua kila kitu kilipo. Huyo akienda likizo, idara nzima inasimama. Sasa sasambua: kila kisichotumika kitiwe alama nyekundu na kitolewe kwa utaratibu. Seti: kila kilichobaki kipewe mahali pake na lebo inayosomeka ukiwa mlangoni, kinachokwisha muda mapema kikae mbele. Safisha, na wakati unasafisha kagua, maana ufagio hugundua bomba linalovuja kabla ya fundi. Sanifisha: pigeni picha ya rafu ilivyo sahihi, mwibandike palepale. Shikilia: mpangeni wa kukagua kila wiki, kwa zamu, bila kumruka mtu.

S hiyo ya tano ndiyo inayotushinda, na inatushinda kwa sababu tunaifanya kampeni ya ugeni. Mkubwa akitangazwa kuja, tunapaka rangi. Akiondoka, maboksi yanarudi. Anayetaka kushikilia lazima akifanye kile kitu kuwa sehemu ya siku: dakika kumi za mwanzo wa zamu, kila zamu, hata mvua inyeshe. Baada ya miezi michache utaona ajabu. Muuguzi aliyekuwa akitafuta kifaa kwa robo saa anakichukua bila hata kuwasha taa. Muda ule unarudi kwa mgonjwa. Na yule aliyepanga rafu anaanza kuiangalia foleni ya dirishani kwa jicho lilelile: hii nayo ina shanga nyekundu.

Akifika hapo, mfundishe kuuliza kwa nini bila kuchoka. Chukua tatizo linalojulikana kila mahali: jalada la mteja halionekani. Kwa nini? Halikurudi masijala. Kwa nini? Afisa aliyelitumia aliliacha mezani. Kwa nini? Hakuna anayepita kuyakusanya jioni. Kwa nini? Mhudumu aliyekuwa akiyakusanya alihamishwa na kazi yake haikukabidhiwa kwa mtu. Kwa nini? Majukumu yake hayakuwa yameandikwa popote. Angalia tulikofika. Tulianza tukitaka kumgombeza afisa, tumemalizia kwenye karatasi moja ya majukumu inayoweza kuandikwa leo kabla ya saa ya chakula. Taiichi Ohno wa Toyota aliwafundisha watu wake kuuliza hivyo mara tano. Swali hilo halihitaji kompyuta wala mshauri wa kulipwa.

Neno kwa wakuu wa kazi

Sasa nazungumza nawe, mkurugenzi, meneja, mganga mfawidhi, mwalimu mkuu, mwenyekiti wa ushirika. Shule hii haifunguki bila wewe. Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, ISO 9001, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1987, kilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2015, na katika marekebisho hayo lile sharti la kumteua mwakilishi mmoja wa menejimenti wa kushughulikia ubora liliondolewa. Uongozi wa juu wenyewe ndio unaotakiwa uwajibike. Toleo hilohilo linaitaka taasisi itambue maarifa inayoyahitaji kufanya kazi yake, iyatunze na kuyafikisha kwa wanaoyahitaji. Kwa lugha nyepesi: uwe mwanafunzi, kisha uwe mwalimu, na usimtume mtu badala yako.

Toka ofisini. Nenda kasimame foleni inaposimamia, mashine inapokorofisha, mteja anaporudishwa. Salimia kwanza, kisha uliza: leo nini kimekukwaza? Sikiliza bila kujitetea. Na siku ile mtu atakapokueleza kosa lake mwenyewe, taasisi yote itakuwa inakutazama usoni. Ukifoka, umefunga shule. Ukisema, "Ahsante kwa kulisema, twende tukalitazame pamoja," umeajiri walimu mia kwa dakika moja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na watu huficha pale tu wanapoogopa.

Viwandani kwa Toyota, mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro huvuta kamba au hubonyeza kitufe. Taa inawaka na kiongozi wa timu anamfuata upesi. Tatizo lisipomalizika kwa muda uliowekwa, mstari wa uzalishaji unasimama. Ni uamuzi wa gharama, lakini wakuu wao walikwisha kupiga hesabu: kasoro iliyosemwa hapa ni nafuu mara nyingi kuliko kasoro aliyoikuta mteja. Wape watu wako kamba ya kuvuta. Inaweza kuwa ubao wa kuandika kero, kengele dirishani au kikao cha kusimama cha kila asubuhi. Kisha ikivutwa, nenda. Usipokwenda mara mbili, hawataivuta ya tatu.

Visingizio tuviage

Watasema hakuna bajeti. Ubao, chaki, daftari na nusu saa vinahitaji bajeti gani? Piga hesabu ya upande wa pili: mizigo iliyorudishwa, fomu zilizochapishwa upya, dawa zilizoisha muda rafuni, mteja aliyeondoka akamwambia jirani yake. Hiyo ndiyo bajeti inayovuja, na inavuja kila siku.

Watasema sisi ni wadogo. Mdogo ana bahati. Watu kumi na wawili wanaweza kukaa duara moja asubuhi na kuamua kabla chai haijapoa. Mama mwenye mgahawa anayewafundisha wasaidizi wake kunawa mikono, kutenga ubao wa nyama mbichi na ule wa kachumbari, na kuandika saa ambayo chakula kimepikwa, huyo anasimamia ubora kikamilifu.

Watasema tukiwafundisha wataondoka. Ni kweli, wengine wataondoka. Ndiyo sababu maarifa yaandikwe kwa lugha ya watu, kwa ukurasa mmoja na picha, yabaki hapo mtu akihama. Na hao watakaobaki bila kufundishwa, watakufanyia nini?

Na watasema watu wetu hawabadiliki. Hili silikubali hata kidogo. Watu hawa hawa wamejifunza kutuma fedha kwa simu, na wakala wa mtaani anaandika kila muamala kwenye daftari lake na kulinganisha salio jioni bila kusimamiwa. Walijifunza kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa mwalimu, faida ilionekana siku ileile, na hakuna aliyewadharau. Wape mazingira hayo kazini kwako uone.

Jumatatu hii

Basi usisubiri mwaka mpya wa fedha. Jumatatu hii, kusanya wenzako wa idara, watano hadi wanane. Chagueni kasoro moja tu, ile inayowaudhi zaidi ninyi na wateja wenu. Kwa wiki nzima ihesabuni kwa vijiti kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: imetokea mara ngapi, saa ngapi, kwenye hatua ipi. Anayehesabu awe yule anayeifanya kazi, maana namba alizoziandika mwenyewe hatazibishia.

Ijumaa simameni mbele ya karatasi ile muulizane kwa nini mpaka mfike mahali panaposhikika. Pangeni badiliko moja dogo. Litekelezeni kwa wiki mbili. Kagueni kwa vijiti vilevile. Likifaa, liandikeni liwe utaratibu na mmoja wenu akaifundishe idara ya jirani. Lisipofaa, rekebisheni mjaribu tena. Panga, tekeleza, kagua, rekebisha: huo ndio mtaala mzima. Hakuna anayeumaliza, na hakuna anayeufuata kwa moyo asipande.

Wewe kijana uliyeajiriwa juzi, usingoje cheo ndipo uulize. Una macho mapya ambayo wazoefu wameyapoteza. Yatumie kwa adabu, uliza kwa nini hufanyika hivi, andika unachojifunza. Wewe mzee wa kazi unayejua kila msumari wa karakana, mchukue kijana mmoja umwoneshe siri ya mikono yako kabla hujastaafu, maana maarifa uliyonayo hayamo kwenye kitabu chochote. Na wewe mkuu, siku hiyo ya Jumatatu uwepo, simama nao, na uwe wa kwanza kusema, "Hapa sijui, nifundisheni."

Tunao watu. Tunao mfano wa Ifakara, wa Mbeya, na wa ziwa letu wenyewe. Wateja wetu, wagonjwa wetu na watoto wetu madarasani wanastahili kazi iliyofanywa vizuri mara ya kwanza, na sisi tunastahili heshima ya kuifanya hivyo. Chukua karatasi, chora mstari wa kwanza, uite wenzako. Shule imefunguliwa.